Hasira za Mke wa Mhunzi

Sorrel Springs, Nevada
14 Oktoba 1862

Kwa Kapteni Zebulon Marsh,
Kituo cha Jeshi, Kivuko cha Haskell

Mheshimiwa Kapteni,

Kwa heshima na taadhima, na nikiwa nimesimama wima ingawa hakuna anayeniona, natangaza rasmi kwamba Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, mbele ya mashahidi sita na mbwa mmoja, mimi Asahel Thrall nilitema mate ya tumbaku na kuipata ndoo. Imenichukua siku kumi na moja za mazoezi na mashati mawili. Serikali ya Muungano ijulishwe.

Mengine ni haya. Karakana ya uhunzi nimeifungua kama ulivyoagiza, na kila mtu hapa anajua kwamba mimi ni mtu wa Georgia. Yale majira mawili ya kiangazi niliyofua chuma Savannah, huko Georgia, nikiwa kijana yamenifaa: naburuta maneno kama mtu anayeburuta gunia, nao wanaridhika. Hakuna aliyeuliza Vermont iko wapi, nami sina haraka ya kuwaambia kwamba ni kule Kaskazini, na ndiko nilikozaliwa.

Kiongozi wao ni bwana posta, Burwell Tansill, mtu mpole, mwenye sauti ya kasisi na birika lisilopoa. Kila barua inayoingia na kutoka mjini hupitishwa kwenye mvuke wa birika hilo, ikafunguka, ikasomwa, ikafungwa tena. Wafuasi wake ni kama thelathini. Wanajiita Undugu wa Nyota ya Kusini. Wanachokitaka ndicho ulichokihofia: bunduki mia nne zilizomo kwenye ghala lako. Wakizipata, Nevada itajitenga kama yalivyojitenga majimbo ya Kusini, na fedha ya migodi hii itakwenda kulisha vita ya wenye watumwa. Siku watakayokuja bado sijaijua. Hawajaniamini vya kutosha.

Barua hii anakuletea Don Eusebio Ybarra, mwenye msafara wa nyumbu, ndani ya pedi ya tandiko. Mabwana hawa hawajawahi kumtazama Mmexico usoni, kwa hiyo ndiye posta salama kuliko zote Nevada.

Jambo moja linaniuma. Mke wangu yuko Placerville, ng'ambo ya milima, na barua zetu lazima zipite kwa Tansill, maana mwanamume asiyemwandikia mkewe hutiliwa shaka. Nitalazimika kumwandikia kama mwasi. Uliniapisha nisimwambie kitu. Naomba ruhusa nimwambie.

Mtumishi wako,
A. Thrall


Kivuko cha Haskell
20 Oktoba 1862

Bwana Thrall,

Ruhusa imekataliwa. Tansill akisoma barua za mke aliyekasirika kweli, ataamini. Wanawake hawawezi kuigiza hasira.

Hongera kwa ndoo.

Kapteni Z. Marsh


Sorrel Springs
2 Novemba 1862

Mke wangu Tryphena,

Natumaini wewe na binti yetu Mercy hamjambo. Mimi ni mzima, ila nimebadilika. Nimekaa huku na watu wenye akili, nimewasikiliza, na nimeona kwamba Kusini wana haki. Kila jimbo liachwe liende zake. Tena mimi, mtu niliyezaliwa na kulelewa Georgia, siwezi kuendelea kunyamaza eti kwa sababu nimeoa kwa watu wa Vermont.

Najua kaka yako Orrin yuko vitani Virginia na koti lake la bluu. Namsikitikia. Alichagua upande mbaya.

Usinijibu kwa hasira. Fikiri kwanza.

Mumeo,
Asahel


Placerville, California
13 Novemba 1862

Bwana Thrall,

Nimefikiri kwanza, kama ulivyonishauri. Nimefikiri mpaka pai kumi na mbili zikaungua tanurini, na haya ndiyo majibu.

Orrin ana risasi pajani. Katika barua yake ya mwisho alikuulizia wewe kabla hajamwulizia mama. Sitamjibu swali hilo. Nitamwambia mhunzi alikufa kwa homa. Ni ugonjwa wa heshima.

Unasema majimbo yaachwe yaende zake. Yanakwenda wapi, na yanawabeba akina nani minyororoni? Umewahi kufua pingu, Bwana Thrall? Basi jizoeze, maana hao wenzako wataziagiza.

Jina lako nimelifuta kwenye Biblia ya nyumbani, pale tulipoandika ndoa yetu. Mercy aliniuliza nafanya nini. Nikamwambia nafuta doa.

Mwezi wa kwanza kuna meli ya kurudi mashariki. Usiniandikie tena mpaka uwe na haya, na ukishakuwa na haya hutaweza kuandika.

T.


Sorrel Springs
24 Novemba 1862

Mheshimiwa Kapteni,

Nimo ndani. Barua ya mke wangu ndiyo iliyonifungulia mlango.

Tansill aliisoma kabla yangu, bila shaka, na nadhani aliwasomea na wengine, kwa sababu nilipokwenda kuichukua nilikuta watu wanane wamesimama posta wakitazama dari. Jioni hiyo Jubal Rusk, mtu wa Macon, Georgia, ambaye tangu nifike alikuwa hajaniamkia, alinishika bega akasema, "Ndugu, nilipigwa na kimbunga mara mbili na nyoka mara moja, lakini sijawahi kupigwa hivyo." Kesho yake wakaniapisha. Biblia haikupatikana, tukaapa juu ya almanaka.

Siku ni Krismasi. Wataondoka hapa saa nane mchana wafike kwako jua likizama, wakitumaini kwamba askari wako watakuwa wamelewa. Farasi wote ishirini na tisa wataletwa kwangu kabla ya hapo, kupigwa viatu vya barafu.

Mke wangu hakugusia hata neno moja kuhusu hiyo Georgia ninayodai nimezaliwa. Hasira zimempitisha juu yake bila kuiona. Namshukuru Mungu kwa hasira hizo, nazo zinanila. Anasema ataondoka na mtoto mwezi wa kwanza. Ningeweza kuwa Placerville kwa siku sita, nikapiga magoti. Sitakwenda. Nimeanza kazi hii na nitaimaliza. Nakuandikia tu ili mtu mmoja duniani ajue kwamba ningeweza.

A. Thrall


Placerville
1 Desemba 1862

Kapteni Marsh,

Utanikumbuka kwa pai. Ulikuja nyumbani kwangu mwezi wa nane, ukala pai mbili za tufaha, kisha ukamtoa mume wangu nje "kuangalia kwato ya farasi" kwa muda wa saa mbili. Farasi yule alikuwa mzima. Nilimwangalia mwenyewe.

Natuma kwa mfuko wa jeshi, ambao naambiwa hushushwa kwako kabla haujafika Sorrel Springs. Sitakuuliza chochote, ili usilazimike kunidanganya. Nitakueleza tu ninachokijua.

Mimi nakanda unga tangu nina miaka tisa. Barua ya mume wangu ilikuwa na lakiri juu na gundi ya unga chini, tena gundi yenye mabonge, kazi ya mwanamume. Kwa hiyo kuna mtu huifungua. Ndani yake Asahel ananiambia amezaliwa Georgia. Kapteni, ng'ombe wa mama yake walikula bustani yetu huko Vermont miaka kumi mfululizo. Basi barua ile haikuandikwa kwa ajili yangu. Iliandikwa kwa ajili ya mwenye gundi, nami nikamjibu mwenye gundi. Nililia nikiiandika. Nadhani ilisaidia mwandiko.

Sasa sikiliza, tafadhali. Mwambie asifanye kazi siku ya Krismasi.

Kwetu siku hiyo ni siku kama nyingine. Lakini nina mteja wangu, Bi Quarles, mjane wa kutoka Savannah, ananiambia kwamba huko kwao hakuna anayegusa nyundo siku hiyo. Kinyume chake, asubuhi watu wote huenda kwa mhunzi, naye huweka baruti kati ya fuawe mbili na kuilipua, na kishindo hicho ndicho salamu yao ya sikukuu. Asahel hajui. Savannah alikaa viangazi tu. Krismasi zake zote amefua chuma, na hii ataamka afue bila hata kufikiri. Mtu mmoja akimsikia, amekwisha.

Mjulishe. Wewe una njia. Mimi sina ila ile ya gundi.

Tryphena Thrall


Kivuko cha Haskell
9 Desemba 1862

Bibi,

Jeshi halimjui mtu yeyote mwenye jina ulilolitaja, wala halikumbuki kula pai, ingawa zilikuwa nzuri.

Kuhusu Krismasi: mimi ni mtu wa New Hampshire, jirani wa Vermont yenu. Krismasi iliyopita nilikagua buti za askari sitini kuanzia alfajiri hadi jioni na hakuna aliyedhurika. Sioni jinsi kazi halali inavyoweza kumwangamiza mtu. Siwezi kuhatarisha mjumbe kwa ajili ya jambo la sikukuu, tena kwa mtu asiyekuwepo.

Kapteni Z. Marsh


Placerville
14 Desemba 1862

Bwana Thrall,

Nilisema sitakuandikia, na ningeshika neno langu kama si kwamba kila nikikanda unga nakukumbuka, na unga unakuwa mgumu.

Najua Krismasi inakuja na hao wenzako watakuwa wanakunywa na kulipua fuawe kama mlivyozoea kwenu Georgia. Je, utaweza? Nina shaka. Miaka minane umeishi chini ya paa la mwanamke wa Vermont, na kwetu siku hiyo mtu hapumziki. Mwaka wa kwanza ulikaribia kulia. "Tryphena, ni Krismasi!" Nikakwambia, "Ni Jumatatu, na kuna bawaba za kufua." Ukafua. Mwaka wa pili ulinuna, lakini ukafua. Tangu mwaka wa tatu sijakwambia tena. Unaamka mwenyewe, unawasha moto, unaanza kugonga, kama farasi wa kinu anayezunguka hata akishafunguliwa.

Kwa hiyo kaasi, jitenge, peperusha kitambaa unachokipenda. Asubuhi hiyo mkono wako utashika nyundo tu. Watakuja kukucheka, na watauliza ni nani aliyemharibu Mgeorgia kiasi hiki. Waambie ni mimi. Hilo nililifanya kwa mikono yangu, na sitaliomba radhi mpaka kufa.

T.


Sorrel Springs
20 Desemba 1862

Mheshimiwa Kapteni,

Farasi ishirini na tisa wamepita mikononi mwangu. Kila kiatu kina misumari saba kama inavyotakiwa, ila kila msumari nimeukata ncha, nikaziba kwa nta na masizi. Barabara ya mjini vitashika. Vikigusa barafu ya bondeni vitaachia. Kwato hazitaumia, farasi hawajajitenga na mtu yeyote.

Karibu wiki nne sasa sina barua kutoka nyumbani. Yule Mnorwe anayevuka milima kwa mbao ndefu za kutelezea theluji miguuni na mfuko wa barua mgongoni anatarajiwa Jumatatu. Sitarajii barua yangu. Niko tayari.

A. Thrall


Kivuko cha Haskell
27 Desemba 1862

Mke wangu, Tryphena wangu,

Hii inakuja kwa mfuko wa jeshi na hakuna wa kuifungua ila wewe. Kapteni ameniruhusu kusema yote, na tena amenionyesha barua yako ya Desemba mosi, akiwa na uso mwekundu sana kwa mtu wa New Hampshire. Lakini nilikuwa nimeshajua siku mbili kabla. Ngoja nikueleze.

Niliamka. Ilikuwa Alhamisi. Nikawasha moto, nikavuta mvukuto, nikaanza kufua bawaba. Naapa kwamba sikuwaza lolote. Nilikuwa nimepiga kama mapigo arobaini nilipoona mlango umejaa watu, wana jagi la wiski na kikopo cha baruti, na wote wameacha kucheka.

"Fundi," akasema Rusk, "unafanya nini?"

"Bawaba."

"Leo?"

"Zimeagizwa."

Akaweka jagi chini taratibu. "Mimi ni mtu wa Macon. Nina miaka arobaini na miwili. Sijawahi kumwona Mgeorgia anafua chuma Krismasi. Wewe Tansill, umewahi?"

"Sijawahi."

"Yankee wa Kaskazini nimewahi kumwona," akasema Rusk, na bastola ikatoka.

Tryphena, kinywani nilikuwa na tumbaku. Nikaimeza.

Ndipo Tansill alipoanza kucheka. Kwanza kidogo, puani, halafu akashika kizingiti. "Jubal, rudisha hiyo. Irudishe, nakwambia! Maskini wa Mungu, hajui hata anachofanya." Akatoa barua kifuani. "Imekuja Jumatatu. Nilitaka kumpa kesho, nisimharibie sikukuu. Ilifunguka yenyewe. Unyevu."

Akaisoma kwa sauti, kama anahubiri. Aliposema "kama mlivyozoea kwenu Georgia", nilikaa juu ya fuawe, nao wakadhani ni huzuni. Alipofika "Ni Jumatatu, na kuna bawaba za kufua", mtu mmoja alilala sakafuni. "Bawaba! Jamani, bado ni zilezile!" Rusk alikuwa anafuta machozi kwa mkono wenye bastola. "Ndugu yangu," akaniambia, "tukimaliza kujitenga na Washington, tutakutenga na huyo mama. Nakuahidi."

Kisha wakanifundisha kulipua fuawe. Wakasema nimesahau. Nikakubali kwamba nimesahau.

Saa nane mchana waliondoka, nami nimo, nyuma kabisa, juu ya nyumbu. Viatu vya kwanza vilidondoka bondeni, kama maili mbili kabla ya kivuko, halafu vikawa vinadondoka kama tufaha. Farasi walikataa kusogea. Watu wakashuka wakawavuta, wakaanguka, wakalaumiana, wengine wakalaumu barafu, na hakuna aliyemlaumu mhunzi kwa sababu mhunzi alikuwa na matatizo ya nyumbani. Walifika kivukoni watatu watatu, wamelowa, na Kapteni Marsh alikuwa anawangoja na askari walioshinda siku nzima wakikaguliwa buti. Hakuna risasi iliyolia. Rusk aliomba kahawa kabla ya kuinua mikono.

Tansill alinitazama mara moja tu alipokuwa anafungwa. "Yule mwanamke," akasema. "Kumbe alikuwa ananiandikia mimi." Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa. "Mwandiko mzuri."

Sasa niambie, maana sijalala kwa hili. Jina langu ulilifuta kweli?

Mumeo,
Asahel


Placerville
8 Januari 1863

Mume wangu,

Nililifuta kweli. Ningewezaje kusema uongo kuhusu Biblia? Nililifuta kwa penseli. Jana nimelirudisha kwa wino, na Mercy alishika taa, akasema hilo doa limekuwa kubwa kuliko mwanzo.

Meli imeondoka bila sisi. Hatukuwahi kuulizia nafasi.

Usinifanye shujaa. Nilikaa siku kumi na tatu nikijua kwamba maisha yako yamo mikononi mwa mtu anayepika gundi mbaya, na kwamba lazima acheke, na kwamba akisoma kwa haraka bila kucheka umekufa. Niliiandika barua ile mara saba. Ile ya sita ilikuwa na uchungu zaidi, lakini haikuchekesha, nikaichoma. Siku ya Krismasi yenyewe nilioka pai thelathini na moja. Bi Quarles alikuja akasema, "Mama Thrall, pumzika, ni sikukuu." Nikamwambia nikipumzika nitaanguka.

Orrin ameandika kutoka hospitali. Mguu ataubakisha, lakini vitani harudi. Anasema wanalala safu nzima ya vitanda, na wote wanauliza jambo lilelile: kama kuna mahali popote ambapo mambo yanakwenda vizuri. Nataka nimwandikie kwamba huku Magharibi, dada yake na shemeji yake waliziokoa bunduki mia nne zisielekezwe kwake. Nataka awasomee wenzake. Nadhani tumestahili hilo, mimi na wewe.

Niambie tu kwamba zote zimesalimika, zote mia nne, nisije nikaandika uongo. Halafu uje nyumbani.

Mkeo,
Tryphena


Kivuko cha Haskell
19 Januari 1863

Mke wangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimetoka nje nikaisomea nyumbu.

Nyumbani sitafika upesi kama ninavyotaka. Njia ya milimani imefungwa kwa theluji mpaka Aprili, na zile mbao za Mnorwe nimezijaribu; Kapteni ameandika tukio hilo kwenye taarifa chini ya "majeruhi". Theluji ikiyeyuka nitakuja kwa miguu nisingoje gari. Mwambie Mercy.

Rusk, Tansill na wengine wameachiwa wiki iliyopita. Walikula kiapo cha utii kwa Muungano, safari hii Biblia ikapatikana, wakarudi Sorrel Springs kwa miguu. Kwanza nilikasirika. Kapteni alinieleza kwamba hakuwa na kosa la kuwashtaki nalo, na akanipeleka ghalani nijionee.

Mwandikie Orrin. Mwandikie kwamba hakuna mtu aliyejitenga Nevada, maana hilo ni kweli. Lakini lile la bunduki liache.

Mumeo,
Asahel

Siwezi kukuficha, umeshanijua. Bunduki zilipelekwa Utah mwezi wa tisa, kabla sijafika huku na kabla Kapteni hajakabidhiwa kituo, na hakuna aliyekuwa amefungua mlango tangu hapo. Ghalani mna maharage.